Bandeji mikononi mwa kaka

Jana mwanangu kaniuliza mbona anko anavaa mashati ya mikono mirefu hata jua la Moshi likiwaka, nikamwambia kamalize homuwoki kwanza. Usingizi ukagoma kabisa.

Ni ile siku ya mtori. Kaka kalazwa kwa maradhi ya akili, hospitali siitaji, nimeshuka na daladala kutoka Kiboriloni na hotipoti yangu, getini wamepekua kikapu wee mpaka wameridhika, naingia wodini namkuta amelala chali mikono yote miwili imefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji, zile zile nyeupe za vidonda, zimesokotwa mpaka zimekuwa kamba. Viganja vimevimba, vidole vimeanza kubadilika rangi. Inzi katua shavuni kwake na hana mkono wa kumfukuza, nikamfukuza mimi. Hakupiga kelele, alisema tu, "Dada, naomba maji, tangu asubuhi naomba." Nikamnyanyua kichwa nikamnywesha, mengine yakimwagikia shingoni.

Nauliza nani kamfunga, naambiwa alileta fujo usiku. Nani kaamuru, afungwe mpaka saa ngapi? Kwenye faili hakuna hata mstari mmoja. Akaja nesi mmoja mtu mzima na mkasi, akakata, akakaa pale kitandani anamsugua vidole huku anamsemesha Kichaga, kaka akamwamkia shikamoo mama, akala mtori wote na fujo yenyewe sikuiona.

Yule mama alikuwa peke yake zamu ile na wodi imejaa, hilo silifichi. Lakini Katiba ibara ya 13 inakataza mtu yeyote kuteswa au kudhalilishwa, haikuandikwa isipokuwa mgonjwa wa akili! Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tumeuridhia 2009 na wenye maradhi ya akili ya muda mrefu wamo humo, sasa ile bandeji ilitoka sheria gani?

Nikaandika barua ya malalamiko, nikaipeleka mwenyewe, nakala yangu ikagongwa muhuri, basi, kimya. Nikataka kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kaka akanisihi niache. "Dada, siku nikiumwa tena utanipeleka wapi kama sio hapohapo?" Nakala bado ninayo, na kila nikitaka kuendelea nayo hilo swali lake linanishinda.