Kabati Moja, Majina Manne: Kujifunza Kiingereza cha Vitu vya Nyumbani

Mtu anayeanza kujifunza Kiingereza hukutana na nyumba mapema sana. Katika mfumo wa ngazi sita uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ule unaoanzia A1 na kuishia C2, mwanafunzi wa ngazi ya kwanza kabisa anatarajiwa aweze kuuliza na kujibu maswali kuhusu mahali anapoishi, watu anaowafahamu na vitu alivyo navyo. Ndiyo maana vitabu vingi vya mwanzo vina picha ya nyumba iliyoondolewa ukuta wa mbele, vyumba vyote vikiwa wazi, na kila kitu kimechorewa mshale wenye jina lake. Mimi hufundisha watu wazima Kiingereza cha mwanzo, na sina ugomvi na picha hizo. Ugomvi wangu ni na orodha inayofuata chini yake, ile yenye safu mbili, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule, neno kwa neno, kana kwamba lugha hizi mbili ziliigawa nyumba kwa kipimo kimoja. Hazikuigawa hivyo, na mwanafunzi anayekariri orodha bila kuambiwa jambo hilo mapema huja kulipia baadaye.

Mwanafunzi wangu mmoja alifuata ushauri unaotolewa mara kwa mara, nao ni ushauri mzuri: aliandika majina ya Kiingereza kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kwenye vitu vya nyumbani mwake, ili kila anapopita alisome neno na kulitamka kwa sauti. Kabati la vyombo alilibandika "cupboard". Kabati la nguo, "cupboard". Kabati dogo la vioo lililoko sebuleni, "cupboard" tena. Kisha akaja darasani na kuuliza, "Mwalimu, mbona kitabu kinaliita la nguo kwa jina jingine?" Swali hilo lilimfaa kuliko karatasi zote alizobandika. Kabati la vyombo ni "cupboard" kweli. La nguo linalosimama peke yake ni "wardrobe". Lile la vioo la kuwekea vitu vya kutazamwa ni "cabinet". Na lile lililojengwa ndani ya ukuta, ambalo Wamarekani hulitaja sana, ni "closet". Kiswahili kinatosheka na neno moja, kisha kinaongeza kazi ya kitu hicho: la vyombo, la nguo, la vitabu. Kiingereza mara nyingi hakiongezi kitu, kinabadilisha jina zima. Katika "cupboard" kuna mtego mwingine, kwa kuwa herufi p haisikiki kabisa na neno hutamkwa karibu na "kabad", hali inayomfanya msemaji wa Kiswahili alitambue kwa sikio upesi kuliko kwa jicho.

Kwa hiyo njia ninayoipenda ni kuanza na maneno ya Kiswahili yanayopasuka yanapovuka kwenda Kiingereza, kwa sababu hapo ndipo makosa huzaliwa. Mto wa kitandani ni "pillow", lakini mto wa kwenye kochi ni "cushion", na Mwingereza hawezi kuvichanganya hata kama vimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Kioo cha kujitazamia ni "mirror", ilhali kioo cha dirishani ni "glass", na kipande chake kimoja kilichotiwa kwenye fremu ni "pane". Meza ya kulia ni "table", meza ya kuandikia ni "desk". Kiti chenye egemeo ni "chair", kigoda na stuli ni "stool", na cha kukaliwa na watu kadhaa kwa safu ni "bench". Zulia linaloenea chumba kizima huitwa "carpet", linalofunika sehemu tu ya sakafu huitwa "rug", na kile kidogo cha kufutia miguu mlangoni ni "mat", neno ambalo hutumika pia kwa mkeka. Neno linalopasuka vibaya kuliko yote ni jiko, maana kwetu ni chumba na ni chombo pia, wakati kwa Waingereza chumba ni "kitchen" na chombo ni "cooker" au "stove", na sehemu ya ndani ya kuokea ina jina lake, "oven".

Ni haki kusema kwamba Kiingereza nacho huwa kichoyo. Neno "floor" linabeba sakafu na ghorofa kwa pamoja. Neno "light" linabeba taa na mwanga unaotoka kwenye taa. "Glass" ni kioo na ni bilauri, na ukiitia wingi, "glasses", unaweza kuwa umesema bilauri kadhaa au miwani moja. "Room" ni chumba, lakini mtu akikuambia kwamba "there is no room" kabatini, hajasema kwamba kabati halina chumba, amesema halina nafasi.

Majina pekee hayatoshi hata hivyo, kwa kuwa mtu hasemi "kitanda" akanyamaza; husema kitu gani kiko wapi. Hapa Kiswahili kina kiambishi kimoja tu, -ni, kinachofanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maneno kadhaa. Mlangoni ni "at the door". Ukutani, kwa picha iliyotundikwa, ni "on the wall". Sebuleni ni "in the living room". Kitandani ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi: nguo zilizotandazwa kitandani ziko "on the bed", lakini mtoto aliyelala kitandani yuko "in bed", bila hata kitambulishi "the", kwa sababu kinachotajwa hapo si kipande cha samani bali ni hali ya kuwa amelala. Vivyo hivyo, kitabu kilichoko mezani kiko "on the table", na watu walioketi mezani wako "at the table"; ukisema wako "on the table" msikilizaji atawaona wamepanda juu. Sufuria iliyoko jikoni inaweza kuwa "in the kitchen" au "on the stove", na ni mazingira tu yanayoamua ulikusudia ipi. Viti navyo vina ubaguzi wao, kwani mtu hukaa "on a chair" na "on a stool", lakini kwenye kiti kikubwa chenye mikono, kinachomzunguka mwili, hukaa "in an armchair". Mwanafunzi akiona jinsi mwili unavyozama katika kiti cha aina hiyo, haulizi tena sababu.

Nyumbani penyewe pana kanuni yake. "House" ni jengo, "home" ni mahali pa mtu, na tofauti hiyo inakaribiana na ile iliyopo kati ya nyumba na nyumbani. Kwa kuwa nyumbani tayari ina -ni ndani yake, ni rahisi kukumbuka kwamba Mwingereza husema "go home" bila "to", kama vile sisi tusivyosema tunakwenda kwenye nyumbani.

Kisha kuna neno "furniture", ambalo ningelifundisha wiki ya kwanza na kulirudia kila wiki. Halina wingi. Kwa sababu tunasema samani nyingi na fanicha mbili tatu bila tatizo lolote, tunajikuta tukiandika "furnitures", na kosa hilo hujitokeza hata kwenye maandishi ya watu walioendelea sana. Kitu kimoja ni "a piece of furniture", vingi ni "a lot of furniture", na kitenzi kinachofuata ni cha umoja. Katika kundi hilohilo wamo "cutlery", yaani visu, uma na vijiko kwa jumla, "crockery", yaani sahani, vikombe na mabakuli, na "bedding", yaani shuka, blanketi na vitu vyote vya kutandikia. Ukitaka kuhesabu, taja kitu chenyewe, kisha uangalie umbo la wingi, kwa kuwa "knife" hugeuka "knives" na "shelf" hugeuka "shelves".

Jambo linalonifurahisha zaidi katika somo hili zima ni kikombe cha chai. Kwa Kiswahili maneno hayo matatu yanaweza kumaanisha kikombe kitupu kilichotengenezwa kwa ajili ya chai, na yanaweza kumaanisha kikombe kilichojaa chai tayari kwa kunywewa. Muktadha ndio unaotenganisha. Kiingereza hakivumilii utata huo. Kitupu ni "teacup", chenye chai ni "a cup of tea". Ukimwomba mwenyeji wako "teacup", atakuletea chombo na kukushangaa unataka kukifanyia nini. Utaratibu huohuo wa kutanguliza kazi kabla ya kitu ndio unaojenga majina mengi ya vyumba: sisi tunaanza na chumba, kisha tunasema cha kulala, wao wanaanza na "bed" na kumalizia na "room". "Bathroom", "dining room", "bookshelf", "armchair", yote yamejengwa hivyo, na mkazo wa sauti kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukiongeza irabu mwishoni mwa neno, kama katika "bedirumu", ulimi wetu huvutwa kusema "bedROOM" au "armCHAIR". Ni kosa dogo, lakini huchosha sikio la msikilizaji.

Nikiwa kwenye matamshi, nitaje mawili ambayo tahajia yake haisaidii kitu. "Iron", yaani pasi, hutamkwa karibu na "ayan", na r iliyoandikwa katikati haisikiki pale ilipoandikwa. "Drawer", ambayo Kiswahili kiliipa jina zuri la mtoto wa meza, kwa Mwingereza hutamkwa kama "dro" iliyovutwa kidogo.

Waswahili tusijione wageni sana katika nyumba hii, kwa sababu Waingereza wenyewe pia waliijaza kwa kukopa. Maneno ya msingi kama "house", "door", "floor" na "bed" ni ya Kiingereza cha kale. "Window" ililetwa na watu wa kaskazini mwa Ulaya, na katika lugha yao ya Kinorsi ilimaanisha jicho la upepo. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliingia majumbani kwa wenye nafasi na kuacha "chair", "table", "curtain" na "cushion", huku "stool", ambalo zamani lilikuwa neno la kiti chochote, likishushwa cheo hadi kwenye kigoda kisicho na egemeo. "Sofa" na "mattress" zina asili ya Kiarabu. Sisi nasi meza tulipewa na Wareno.

Swali la kuchagua Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani halihitaji mjadala mrefu: chagua kimoja cha kuzungumza, ukijue kingine kwa kusikia. Bomba la maji ni "tap" kwa Mwingereza na "faucet" kwa Mmarekani, fleti ni "flat" au "apartment", pipa la taka ni "bin" au "trash can". Hayo hayamdhuru mtu. Yanayodhuru ni yale yenye sura moja na maana mbili. "First floor" kwa Mwingereza ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini, na kwa Mmarekani ni ya chini yenyewe, kwa hiyo ukielekezwa chumba kwa simu ni busara kuuliza kama kuna ngazi za kupanda. "Bathroom" kwa Mmarekani ndilo neno la heshima la choo, hata kama humo hamna mahali pa kuogea, ilhali "toilet", ambayo kwa Mwingereza inaweza kuwa chumba kizima, kwa Mmarekani kwa kawaida ni kile chombo chenyewe. "Wash up" kwa Mwingereza ni kuosha vyombo, kwa Mmarekani ni kunawa uso na mikono.

Hilo la mwisho linanikumbusha kwamba kila jina la kitu linafaa lijifunzwe pamoja na kitenzi chake, maana vitenzi vya nyumbani havitabiriki. Kutandika kitanda ni "make the bed", na mwanafunzi aliyekwisha kujua kwamba "make" ni kutengeneza hudhani kazi hiyo ni ya seremala. Kuandaa meza ni "set the table" au "lay the table". Kuvuta pazia ni "draw the curtains", kwa kitenzi kilekile cha kuchora picha, na msemo huo hutumika kwa kufunga na kwa kufungua vilevile, hivyo mtu akikuomba ufanye hivyo itakubidi utazame kwanza kama nje ni mchana au usiku. Taa na bomba hutumia kitenzi kimoja, "turn on" na "turn off", lakini mlango una "open" na "close" zake, na mtu anapobisha hodi, anayekwenda kumfungulia husemwa kwamba "answers the door", yaani anaujibu mlango.