Trakta yetu haitaki kubembelezwa

Jambo yenu, leo nataka niandike juu ya trakta maana kuna jirani zetu hapa barabara ya Kasumbalesa nao wameanza kununua hizi okazio za Ulaya, zilizokwisha kutumika kule, na sipendi mtu apite pale tulipopita sisi.

Trakta yetu ni ya zile zilizotoka baada ya sheria za moshi kukazwa kule kwao, miaka ya 2010 na kitu, kwenye bomba la moshi iko na filtri inayokamata masizi yote. Shofere wetu ni papa mzima, trakta za zamani anazijua kuliko mimi ninavyojua jikoni yangu, na motere anaiheshimu sana. Kuheshimu kwake ni hivi, anaiendesha polepole isichoke, na akishuka kula bukari chini ya muembe anaiacha inanguruma hapo hapo, saa nzima wakati mwingine, kwake yeye kuzima na kuwasha njo kunaua motere. Kwa trakta ya zamani hakuna mtu angemlaumu.

Siku moja akaniambia "Mama, iko taa ya manjano mu tablo, haitake kuzimika." Tukaiacha. Wiki haikuisha, trakta ikakosa nguvu kabisa, jembe la diski limeingia kidogo tu udongoni na motere inalia, haiendi mbele. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, na hakuna mtu aliyeongeza! Nikaisugua kati ya vidole, nyepesi kama maji, nikanusa, ni mazutu, dizeli yenyewe.

Nimeuliza, nimesoma, nimekuja kuelewa hivi. Masizi yaliyoshikwa na filtri lazima yaungue, na ili yaungue yanataka joto. Trakta ikivuta mzigo wa kweli, moshi unapita nyuzi 250, 300, na zaidi, yanaungua yenyewe kidogo kidogo bila wewe kujua. Ikinguruma bure imesimama, mara nyingi hata nyuzi 200 haifiki, kwa hiyo filtri inajaa tu. Ikijaa, kompyuta ya motere inaongeza mazutu kidogo kwa kuchelewa, iende kuwaka nyuma na kufikisha filtri karibu nyuzi 600. Sasa wewe uzime katikati, kesho ianze tena uzime tena, mazutu ile isiyowaka inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Njo ile niliyoinusa.

Fundi wa kwanza tuliyemuita alitaka kukata filtri, aweke bomba tupu na kudanganya kompyuta. Nilikataa na ningekataa tena. Shofere anakaa nyuma ya moshi ule kutwa nzima, na tangu mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa OMS, Shirika la Afya Duniani, wameuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Papa wa watu ana wajukuu.

Tukabadilisha oili, tukaweka ile yenye majivu kidogo (majivu ya oili hayaungui hata kwa joto gani, yanabaki humo humo mpaka filtri itolewe isafishwe), halafu tukaiachia ichome masizi ya filtri trakta ikiwa imesimama. Ilikuwa Septemba na nyasi zote zimekauka, tukaipeleka kwanza kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi na mbali na hangari, breki ya mkono juu, gia huru. Nusu saa nzima hewa juu ya bomba ilikuwa inacheza kwa joto. Watoto niliwafukuza wote.

Siku hizi kazi nyepesi hatuipi kutwa. Ikishinda asubuhi inavuta remorke ya magunia, mchana inaingia kwenye jembe, motere kwenye mizunguko 1,800 ao 2,000, ifanye kazi mpaka ipate joto. Baada ya kazi nzito tunaiacha dakika mbili tatu turbo ipoe, halafu ufunguo, basi. Na mazutu hatununui tena kwa ba Kadhafi, wale wauzaji wa bidoni kando ya barabara. Kule Ulaya mazutu yao haizidi sehemu 10 za kiberiti kwa milioni, motere hizi zimetengenezwa kwa mazutu ya namna hiyo, na ya bidoni nani anajua imechanganywa na nini.

Shofere alichukua muda, sikumlazimisha, nilimuonyesha tu kile kijiti cha oili na nikamwachia anuse mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu. Jana saa saba bukari ilikuwa imeiva, na sombe, nikamuita, akanipungia mkono kutoka katikati ya shamba: "Mama, ngoja kwanza, iko inajichoma!" Tukafunika sahani yake.