Blanketi la viraka na begi la nepi, masika ya 2018

Masika ya 2018 mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Mbagala, mimba yake ikiwa kubwa, na kiroba cha vipande vya vitenge mkononi. Ndani ya kiroba mlikuwa na blanketi la mtoto alilolianza akalitelekeza. Safu tatu za viraka zilikuwa zimeshonwa. Mbili zililingana, ya tatu ilipungua karibu inchi nzima, na hata ungeivuta namna gani isingefika. Juu ya hilo alitaka begi la nepi la kuendana na blanketi.

"Mama mdogo, hii safu imeliwa na nini?"

Imeliwa na mshono, nikamwambia. Tukaitandaza mezani tukapiga hesabu. Kila kiraka kilikatwa inchi 5 kwa 5. Mshono ukila robo inchi kila upande, kiraka kinabaki inchi 4 na nusu. Viraka 8 vikiunganishwa, safu inatoka inchi 36 na nusu, na ile nusu ya mwisho italiwa na kingo. Sasa mshono ukizidi nusu thumuni tu (thumuni ni moja ya nane ya inchi), unene ambao jicho halioni, vitambaa viwili vinavyokutana hapo vinapoteza thumuni nzima. Safu ya viraka 8 ina mishono 7, kwa hiyo inapungua thumuni 7. Ndiyo ile inchi aliyokuwa akiitafuta.

Chanzo chake kilikuwa wazi. Safu mbili za kwanza alizishona kwa cherehani ya fundi jirani yake, ya tatu kwa cherehani ya nyumbani, na kote alifuata ukingo wa mguu wa cherehani kama kipimo. Mguu wa kila cherehani una upana wake. Dawa ni kuishusha sindano ukiwa umeweka tepu ya kupimia chini yake, kupima robo inchi kwenda kulia, na kubandika hapo plasta iliyokunjwa mara kadhaa mpaka iwe na unene wa kuzuia kitambaa. Kisha ijaribu: kata vipande vitatu vya upana wa inchi 2, viunganishe, piga pasi, upime cha katikati. Kikitoka inchi 1 na nusu kamili, endelea. Kikitoka pungufu, sogeza plasta kuelekea sindano. Bila jaribio hili sishoni kiraka hata kimoja, na huwa namsihi kila anayeanza asiliruke.

Kufumua safu ya tatu kulichukua muda mfupi kuliko alivyoogopa. Kwa wembe unakata uzi wa upande mmoja kila baada ya hatua nne au tano, halafu unageuza na kuvuta uzi wa upande wa pili, nao unatoka mzima. Ukiingiza wembe katikati ya vitambaa viwili na kufyeka, lazima utoboe, na kitenge kilichotoboka ndani ya robo inchi hakina pa kuponea.

Blanketi la inchi 36 kwa 45 linataka viraka 80, yaani safu 10 za viraka 8. Kitenge chenye upana wa inchi 46 kinatoa viraka 9 kwa kila ukanda wa inchi 5, kwa hiyo ungekuwa na kitenge kimoja tu, yadi moja na robo ingetosha kabisa. Yeye alikuwa na mabaki ya kila namna, mengine mapya yakiwa bado na ile dawa ya kiwandani inayokifanya kitenge kikakamae. Hayo yote yaliingia kwanza kwenye beseni. Kitenge kipya hupungua kidogo kinapofuliwa, na kikipungua baada ya kushonwa kinavuta wenzake na blanketi linajaa makunyanzi. Chekundu na bluu iliyokolea tuliviloweka peke yake, kisha tukavikandamiza vikiwa vibichi juu ya kitambaa cheupe. Chekundu kiliacha alama. Wengi hukimbilia chumvi au siki, lakini kwa rangi iliyokwisha kupakwa kiwandani hazisaidii. Kinachosaidia ni kusuuza tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Ambacho hakikomi kutoa rangi tulikitenga kabisa.

Alikuwa akikatia kipimo cha boksi la katoni. Katoni huliwa na chaki na mkasi, pembe zikawa butu, na viraka vya mwisho havifanani na vya kwanza. Tulikata kipimo kipya kwenye filamu ya zamani ya eksirei: ni ngumu, hailiki, na unaona maua ya kitenge kupitia kwake, kwa hiyo unachagua ua likae katikati. Chora kwa chaki iliyochongwa au penseli, na ukate ndani ya mstari. Upande mmoja wa kiraka ufuate mtande wa kitambaa, yaani nyuzi zake za urefu. Kiraka kilichokatwa mshazari kinanyooka mkononi mwako, na kikishonwa na kilichokatwa sawa, kimoja kinabaki na ziada.

Viraka vilipotimia, kushona safu kulikwenda haraka. Sindano namba 14, hatua 12 kwa inchi, uso kwa uso, kimoja kikifuata kingine bila kukata uzi katikati. Umeme ulikatika mapema, ila cherehani yangu ni ya kukanyaga, na pasi ya mkaa ilikuwepo. Pasi ya mkaa ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu ni nzito, mradi uipepee nje, uifute chini, na utandike kitambaa chenye unyevu juu ya viraka ili jivu lisiguse.

Hapo kwenye pasi ndipo blanketi linapopona au kuharibika. Mishono ya safu ya kwanza yote ilazwe kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiziweka safu mbili uso kwa uso, unene wa mshono wa juu unakaa kando ya unene wa mshono wa chini na vinakabana. Utausikia kwa kidole kwamba umekaa. Choma pini hapo, shona, na pembe nne zitakutana bila kubahatisha. Mishono yote ikilazwa upande mmoja, kila makutano yanakuwa kinundu, sindano inayumba, na pembe zinaachana. Na pasi ibonyezwe na kuinuliwa. Ukiiburuta, safu inapinda kama upinde.

Kuhusu kitu cha kuweka katikati tulibishana. Alitaka sufi, kwa kuwa aliiona kwenye mito ya bibi. Sufi ni laini na nyepesi, lakini haina nyuzi za kushikana. Ikifuliwa inakimbilia pembeni na kuganda mabonge, labda uishone mistari ya karibu karibu sana. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, na kwa kitu kitakachofuliwa kila mara, nilimshauri blanketi jepesi la pamba lililokwishachakaa na kupungua lote la kupungua. Alikubali. Mgongo tuliukata kwenye shuka la pamba, mkubwa kuliko uso kwa inchi 2 kila upande.

Sakafu ya saruji iliyopigwa deki na kukauka ndiyo meza bora ya kuunganisha matabaka. Mgongo ulale uso ukitazama chini, ubandikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi pembe nne na katikati ya kila ubavu, ukiwa umenyooka lakini haujavutwa. Ukiuvuta kupita kiasi, ukiung'oa utarudi na kukunjamana. Juu yake lile blanketi jepesi, juu kabisa viraka. Kisha bandi, yaani mshono wa muda: uzi mrefu, hatua za vidole viwili, ukianzia katikati kwenda nje kama miale, mstari mmoja kila upana wa kiganja. Kuanzia katikati kunasukuma ulegevu wote utokee kingoni. Wasidi wa jimbo la Karnataka huko India, watu wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi yao kinyume chake: huanzia pembeni na kuzunguka wakielekea katikati. Kwao inawezekana kwa sababu kila kiraka hukunjwa kingo na kuongezwa kwa mkono wakati kazi inaendelea, na matabaka hunyooshwa kabla ya kila kiraka kipya. Sisi tulikuwa na uso uliokwisha kuungwa, hivyo hatukuwa na nafasi hiyo.

Kupitisha mishono kwenye matabaka matatu kwa cherehani ya kawaida kuna shida moja kubwa. Meno ya chini yanavuta mgongo, mguu wa juu unausukuma uso nyuma, na baada ya inchi kadhaa uso una wimbi mbele ya sindano. Legeza skrubu ya juu ya kichwa cha cherehani ili mguu usikandamize sana. Badilisha sindano iwe namba 16. Ongeza urefu wa hatua ziwe 8 kwa inchi. Mstari wa kwanza upite katikati ya blanketi, unaofuata pembeni yake, na yote ianzie upande ule ule. Ukishona mmoja kwenda na wa jirani kurudi, kitambaa kati yake kinavutwa huku na huku na kuacha mikunjo ya mshazari isiyotoka hata kwa pasi.

Yeye alitaka mistari ipite ndani ya mshono wenyewe ili isionekane. Nilimkatalia, na sababu inatoka kwenye pasi: kwa kuwa mishono imelazwa kulia na kushoto kwa zamu, bonde la mshono linahama upande kila kiraka, na mstari wako utapanda na kushuka. Tulishona robo inchi pembeni ya mshono, pande zote mbili. Nusu ya blanketi inayoingia chini ya mkono wa cherehani tuliikunja kama mkeka na kuifunga kwa pini za nepi. Nusu nyingine ilale mezani, isining'inie, kwa maana uzito wake unavuta sindano na kuivunja.

Mara moja uzi ulijaa chini ukafanya tope la nyuzi, naye akaanza kufungua bobini. Uzi ukivurugika chini, mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haujaingia katikati ya visahani vya kukazia. Inua mguu wa cherehani, maana visahani hufunguka ukiwa juu tu, chomoa uzi, upitishe upya. Ilikuwa hivyo hivyo.

Upapi, yaani ukanda wa kufunika kingo, sitauelezea sana. Mzunguko ulikuwa inchi 162, kanda nne za upana wa inchi 2 na nusu zikaungwa na kukunjwa mara mbili kwa urefu. Kingo zikiwa zimenyooka hakuna haja ya kukata mshazari, ni kupoteza kitambaa. Kwenye pembe simama robo inchi kabla ya mwisho, kunja upapi kwenda juu, urudishe chini, uanze tena ukingoni. Upande wa nyuma aliumalizia kwa mkono.

Begi lilikuwa gumu kwake kwa sababu ya kitako. Vipande vya mbele na nyuma vilikuwa inchi 16 kwa 15, viraka juu, gamu (kitambaa cha kukakamaza) ya kubandika kwa pasi chini yake, na bitana ya ukubwa ule ule. Alitaka kitako cha inchi 4, akakusudia kukata pembe za inchi 2 na nusu ili kufidia mshono. Nikamzuia mkasi. Mshono wa nusu inchi unakula ubavuni na chini, lakini mshono wa kufunga pembe unairudisha nusu ile ile, kwa hiyo pembe ya inchi 2 na nusu ikipimwa kutoka ukingo wa kitambaa inatoa kitako cha inchi 5. Ukitaka 4, kata 2. 

Bitana ishonwe kwa mshono ulioongezwa thumuni moja, ili iwe ndogo kidogo. Ikilingana na ganda la nje, inalegea ndani na kumeza funguo. Acha uwazi wa inchi 5 chini yake kwa ajili ya kugeuzia. Ukisahau uwazi huo, begi zima linafumuliwa.

Mikanda ilikuwa inchi 26 kila mmoja, ile ya kusokotwa inayouzwa kwa mita Kariakoo. Ncha zake zichomwe kidogo kwa kiberiti zisifumuke, kama ni za nailoni. Kushona mkanda juu ya kitenge, gamu na bitana kunataka sindano namba 18. Namba 14 inapinda na kuruka hatua. Pale unene unapoanza, mguu unainama na cherehani inakwama. Weka kipande cha katoni kilichokunjwa nyuma ya mguu, usawa wa unene, kisha zungusha gurudumu kwa mkono hatua chache za kwanza. Mshono wa mraba, na msalaba ndani yake, hugawa uzito.

Begi la nepi linabeba chupa za maji, nguo na mtoto anayelivuta, kwa hiyo tulilijaribu. Tuliweka kilo 4 za mchele, tukalitundika kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi mikanda ilikuwa imara, lakini kitenge chini ya mkanda mmoja kilianza kufunguka kuzunguka matundu ya sindano. Uzi ulikuwa na nguvu kuliko kitambaa. Tukafungua ule uwazi wa bitana, tukaweka ndani vipande vya turubai vya inchi 2 kwa 3 nyuma ya kila ncha ya mkanda, tukashona upya miraba yote minne, na mchele ukarudi msumarini.