Siku Moja Maishani Mwangu: Kuzitafutia Majina Picha za Vita

Saa moja na nusu asubuhi. Kazi yangu ni kutunza picha zilizopigwa vitani: askari, mabaharia, marubani, manowari na ndege, nyingi zikiwa za Vita Kuu ya Pili. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba kutwa nzima nazipitisha picha kwenye skana, ilhali skana ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Siku yangu huanza na pua. Nafungua chumba cha ubaridi, nasoma kipimo cha joto na cha unyevu, kisha nanusa, kwa kuwa filamu ya asetati inayoanza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na boksi linalonuka hivyo hutengwa papo hapo lisije likaharibu mengine. Filamu za nitreti, zilizotumika sana kabla ya kuachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zina chumba chao peke yao, kwani zikishika moto huendelea kuungua hata zikizamishwa majini.

Saa mbili hadi saa nne ni glavu, bahasha, penseli na namba za usajili. Leo kilichonisimamisha ni picha ya marubani watatu wa Uingereza, wamesimama mbele ya ndege isiyo na maandishi yoyote. Beji ya mabawa, ambayo rubani wa Kiingereza huivaa juu ya mfuko wa kushoto, ilikuwa kulia kwa wote watatu, na vifungo vya makoti yao vilifungwa kinyume. Aliyeichapa alikuwa ameigeuza filamu. Nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu, kwa sababu picha iliyogeuzwa humhamisha mtu wa kushoto kwenda kulia, na orodha ya majina iliyoandikwa nyuma humpa wa kushoto jina la wa kulia.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia, na asubuhi yote iliyobaki ikaliwa na simu hiyo.

Aliyepiga alikuwa mhariri anayetayarisha toleo maalumu kuhusu majeshi yaliyotua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Picha ya jalada alikwisha kuichagua kutoka kwenye orodha yetu: ndege ya kivita ya Kimarekani ikiwa angani, mawingu yametanda chini yake, jua linaipiga ubavuni. Ni picha nzuri mno, wala simlaumu kwa kuipenda. Alichotaka kwangu ni kibali cha kuandika chini yake kwamba ndege hiyo iko juu ya Normandy, Juni 1944.

Nilimwomba aikuze hadi aione nyota iliyochorwa ubavuni. Katikati ya nyota ile nyeupe mna duara dogo, ambalo kwenye picha isiyo ya rangi huonekana kama kidoa cha kijivu. Duara hilo lilikuwa jekundu, na Wamarekani waliliondoa Mei 1942 kwa kuhofia kwamba mtu mwenye haraka angelidhania kuwa ni jua jekundu la Wajapani. Mwaka uliofuata waliongeza mstatili mweupe kila upande wa nyota, na katika picha yake mistatili hiyo haipo. Alama hizo zinaitangulia Normandy kwa miaka miwili.

"Ni kidoa tu, ndugu yangu," akasema. "Nani atakigundua?"

Nikamtumia picha nyingine ambazo kwa hakika ni za Juni 1944, zenye ndege zilizopakwa mistari mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kiunoni. Akazikataa, akidai kwamba mistari inaharibu sura ya jalada. Nikamweleza ilikotoka. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, huko Sicily, mizinga ya majeshi ya upande uleule iliangusha ndege 23 za uchukuzi zilizokuwa zimebeba askari wa miavuli wa Marekani. Mistari ya Normandy ilipakwa ili jambo kama hilo lisijirudie, na atakayeiondoa kwenye jalada kwa sababu ya urembo atakuwa amewaondoa watu wale pia.

Akanyamaza kidogo. Nilidhani tumeelewana, kumbe alikuwa akitafuta njia nyingine. "Basi kifute hicho kidoa, uongeze na mistari. Kompyuta si mnazo?" Nilipokataa alinijia juu, kisha akaja na hoja ambayo kwa kweli ina uzito: hata wakati wa vita wenyewe, picha si zilikuwa zikifutwa?

Zilifutwa, tena sana. Wakaguzi wa kijeshi walikwangua antena za rada kwenye milingoti ya manowari, wakapaka rangi juu ya namba za meli na beji za mabegani. Ninayo chapa moja ambapo anga linalozunguka kilele cha mlingoti ni laini kuliko sehemu nyingine zote. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaiona michirizo ya brashi. Nilimjibu kwamba wale walifuta ili adui asijue kitu na mabaharia wasife, na kwamba ufutaji wao umekuwa sehemu ya historia, ndiyo maana tunahifadhi chapa iliyofutwa pamoja na filamu yake kila tunapozipata zote mbili. Yeye anataka kufuta ili msomaji aamini jambo ambalo halikuwapo. Alishikilia uzi uleule hadi adhuhuri, akakata simu bila kuaga.

Mchana nilikuwa nimechoka tayari, na saa zilianza kuingiliana. Ndipo nikalifungua boksi la picha za Burma, zilizopigwa mwaka 1944.

Moja inawaonyesha askari wa Afrika Mashariki kando ya barabara ya matope, na afisa mmoja Mwingereza. Begani mwa askari wa mbele, chini ya kioo cha kukuzia, kinaonekana kichwa cha kifaru, beji ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka huo na iliyokuwa na vikosi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Nyuma ya picha afisa ameandikwa cheo, jina na kikosi. Wenzake wote wameandikwa neno moja: askari.

Hili hunikera kuliko mhariri yeyote. Nilishinda juu ya picha hiyo hadi shingo ikakakamaa, nikilinganisha nyuso, kofia, mikanda na hata kovu kwenye shavu la mmoja wao na picha nyingine za boksi hilo. Majina hayakupatikana, nami sikubahatisha. Joe Rosenthal alipiga picha ya wanamaji wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima tarehe 23 Februari 1945, nayo ni miongoni mwa picha zilizochunguzwa kuliko zote duniani. Hata hivyo majina ya watu wake sita yalisahihishwa mwaka 1947, tena 2016, tena 2019. Ikiwa picha hiyo iliwachukua miaka 74, sina ruhusa ya kumkisia mtu wa bonde la Kabaw kwa dakika 20 eti kwa sababu macho yanauma.

Jioni, giza likiwa limeshaingia, ulifika ujumbe mfupi wa mhariri: anaichukua picha yenye mistari, naye anataka maelezo yake usiku huohuo. Niliyaandika na kuyatuma, pamoja na tarehe na sababu ya mistari. Kisha nikairudia picha ya Burma na kujaza kumbukumbu yake: Divisheni ya 11, imetambuliwa kwa beji, afisa, kama alivyoandikwa, askari wanane, majina hayajapatikana, wa pili kutoka kushoto ana kovu kwenye shavu la kulia. Kila mmoja nimempa mstari wake, na nafasi ya jina nimeiacha wazi, kwa kuwa boksi hilo bado lina bahasha ambazo hazijafunguliwa, na kesho naanza nazo.