Milimita Nne

Chuma kilifika Malindi juu ya basi la Mombasa, kimeviringishwa blanketi kuukuu na kufungwa kamba ya kumbi, kimelala baina ya godoro la mtu na tenga la kuku. Utingo alipokiteremsha alikipima uzito kwa mkono, akanitazama. "Mwalimu, huu ni uta wa kupigia mnyama gani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekingojea wiki sita, tangu ndugu yangu wa Sharjah amkabidhi mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Mtu huyo, Mungu amsamehe, alifungua furushi njiani akatoa kipakiti cha grisi kilichokuja nacho, akidhani ni mafuta ya nywele. Hilo nililijua baadaye sana, na kipakiti kile kilinitesa kuliko nilivyodhani kitu kidogo namna ile chaweza kumtesa mtu.

Ilikuwa Mei 2014. Gari langu lilikuwa Subaru Impreza ya 2005, saluni, ya rangi ya samawati iliyopauka kwa jua na chumvi ya pwani. Sitaficha kwa nini nilinunua Subaru. Nilikuwa kidato cha pili Colin McRae alipoichukua Safari Rally ya 1997 kwa Subaru ya samawati, na mvulana wa umri ule akishapenda rangi ya gari, basi. Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa fizikia, nikapata mkopo, nikanunua ndoto ya mvulana yule ikiwa tayari imetembea kilomita laki moja na ushei.

Ila ndoto ilikuwa ikiyumba. Kila nikikata kona mwili wa gari ulilala upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya, na nyuma, upande wa kushoto, kulikuwa na mlio: ngo, ngo, ngo. Nikasoma usiku kucha juu ya stabilaiza. Kwa asiyeijua, ni fimbo ya chuma iliyopindwa mfano wa herufi U bapa, inayolala kwa upana chini ya gari. Katikati imeshikwa kwenye bodi kwa bushi mbili, yaani vipande vya mpira vinavyoikumbatia, na kila ncha imefungwa kwa linki, kijiti kifupi kinachokwenda upande wa gurudumu lake. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka tu ndani ya bushi, haina kazi. Gari likiinama, gurudumu moja likapanda na jingine likashuka, fimbo inasokoteka, nayo kwa kukataa kusokoteka inairudisha bodi isilale. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Kilichonitia wazimu ni hesabu. Ugumu wa fimbo kusokoteka hupanda kwa kipenyo kilichopigwa mara nne kwa chenyewe. Ya nyuma iliyokuwamo ilikuwa na kipenyo cha milimita 20. Niliyoagiza ilikuwa 24. Milimita nne tu, unene wa sarafu mbili, lakini gawanya 24 kwa 20 upate 1.2, kisha ipige mara nne kwa yenyewe: 2.07. Nguvu zaidi ya maradufu! Niliwapa watoto wa kidato cha tatu hesabu hiyo bila kuwaambia ni ya nini. Mmoja akapata 4.8, nikamkasirikia kana kwamba ni yeye aliyekuwa akilichelewesha lile basi.

Fundi wangu alikuwa mzee wa Maweni, gereji yake ni mkungu mmoja mkubwa, shimo la kuingilia chini ya gari, na kontena lililooza nusu. Jumamosi nikamfunulia blanketi. Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu, kinang'aa, kila ncha ina matundu mawili ya kuchagua. Alikipitisha kiganjani toka ncha hadi ncha, pole pole.

"Kizuri," akasema. "Chaenda wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza na mara nne zangu, nikachora kwa kijiti mchangani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka masikio hunipata moto.

"Mwalimu, baba yangu alikuwa mkata mikoko kule Lamu. Pau na boriti ukizilaza pamoja, tofauti ni vidole. Pau mtoto aipinda. Boriti yabeba dari na watu juu yake. Hesabu yako naijua, sikuisoma tu." Akakigonga chuma kwa spana, kikalia kama kengele. "Sasa wewe wataka kutia boriti. Haya. Lakini nyumba nyengine yote ni ya pau."

Nikacheka. Akaendelea: "Na mlio huo si stabilaiza. Ni linki, na bushi zimekwisha, zimekuwa kama ufizi wa bibi. Nipe elfu mbili, kesho nimemaliza. Halafu tuone kama litalala hivyo." Kisha akaongeza, na hili ndilo lililoniudhi: "Na hizo kona wazikata wapi? Toka hapa hadi Kilifi barabara imenyooka kama rula yako."

Elfu mbili! Mimi nilikuwa nimeshatumia ishirini na sita kwa chuma peke yake. Nikamwambia afunge.

Kazi ambayo ingekwisha kwa saa moja ilichukua siku nzima. Gari la pwani halina bolti, lina matumbawe. Bolti nne zilizoshika vibano vya bushi zilikuwa zimefanya kutu ya rangi ya chungwa, imeota tabaka juu ya tabaka. Kijana wa mzee alizimwagia dizeli, akaziacha zinywe huku tukila mihogo ya kukaanga, akarudi na spana ya 14, akachomeka paipu kwenye mkono wake ili apate urefu, akajitundika. Tatu zilitoka zikilia. Ya nne ilikatika kichwa. Mzee hakusema neno. Aliingia shimoni mwenyewe na drili, nami nikishika taa, vumbi la kutu likitudondokea machoni, mpaka adhana ya alasiri ikatukuta bado tunatoboa. Ekzosi tuliishusha kwenye raba zake ili chuma kipate kupenya. Chuma chekundu kikaingia kikipinda huku na huku kama nyoka aendaye shimoni.

Tulipofika kwenye bushi mpya, zile ngumu za poliyurethani, mzee akauliza grisi yake. Haipo. Bushi za namna hiyo hutaka grisi yake maalumu, nzito, isiyosombwa na maji. Akapaka ya kawaida ya bati, akatikisa kichwa.

Likabaki suala la matundu. La nje, lililo mbali na kikunjo, hulainisha, kwa kuwa mkono wa fimbo unakuwa mrefu. La ndani hukaza. Mzee alishaanza kutia linki tundu la nje.

"La ndani," nikasema.

"Mwalimu, ni masika."

"La ndani, mzee wangu."

Akatia la ndani. Linki zenyewe zilikuwa zile zile za zamani, zilizochoka. Ndivyo nilivyotaka.

Jioni ile nikavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, peke yangu, barabara kavu. Na nisidanganye kwa sababu ya yaliyofuata: lilikuwa jambo tamu. Nilikata kona nikiwa na kasi ambayo zamani ingenifanya nishike mlango, na gari likakaa bapa kama sinia. Usukani ukiugusa tu, pua imekwisha kwenda. Nilirudi, nikageuza, nikapita tena. Mara tatu. Nilikuwa McRae, nina miaka thelathini na mbili na madaftari ya kusahihisha kiti cha nyuma.

Siku ya pili bushi zikaanza kulia. Si ngo ngo tena. Mlio mrefu, mwembamba, kila nikipanda tuta, na Malindi matuta hayana hesabu. Jirani yangu wa Barani alinisimamisha akaniuliza kwa upole kama kitanda nilichopakia ni cha kuuza.

Jumatatu nilimchukua Mama kumpeleka kliniki ya macho Kilifi. Mvua ilianza kabla ya uwanja wa ndege. Mama alikaa mbele, bui-bui amelikusanya mapajani, miguuni ameweka kopo la mbaazi za nazi kwa dada yake anayekaa Kilifi. Baada ya Gede barabara ilikuwa imeliwa kingo, na hapo nikaanza kuelewa kitu ambacho hesabu yangu ilikuwa imekisema tangu mwanzo ila sikukisikia. Stabilaiza huyafunga magurudumu mawili pamoja. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni peke yake, la kulia nalo linapelekewa habari. Gari lilikuwa likitutupa ubavu kwa ubavu, kichwa cha Mama kikienda huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "hili gari umelifanya nini? Lilikuwa gari, sasa ni punda."

Nikamwambia liko imara zaidi. Akanyamaza akashika tasbihi.

Kona ilikuwa ndogo, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kona ambayo ukiniuliza kabla ya siku ile ningesema haipo. Sindano ilikuwa sabini na kitu. Katikati ya kona bodaboda ikachomoza kutoka njia ya msituni, nami nikafanya afanyalo kila mtu: nikautoa mguu kwenye mafuta ghafla. Uzito wa gari ukaja mbele, nyuma kukawa kwepesi. Nikasikia kiti kikinikimbia chini yangu. Mkia ukatoka.

Hautoki kama kwenye televisheni. Hakuna mlio, lami ilikuwa imelowa. Ni ukimya tu, na miti inayopita kwenye kioo cha mbele ikienda upande usiofaa. Nikageuza usukani kuufuata mkia, ukarudi kwa hasira, ukapita ukaenda upande wa pili, nikageuza tena. Tulisimama ukingoni kwenye udongo mwekundu, pua inatazama Malindi tulikotoka. Bodaboda ilikuwa imeshaondoka. Vipangusio vilikuwa vinaendelea, kwiki, kwiki.

Mama alikuwa akisoma shahada kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu chenji. Kopo lilikuwa limefunguka. Mbaazi zilikuwa kila mahali: kwenye mazulia, kwenye reli za kiti, ndani ya kiatu changu cha kushoto, na tui likitiririka kuelekea breki.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Mimi sijaumia. Dada yangu ndiye atakayelala njaa."

Nilitetemeka mikono mpaka matatu ikapita ikitupigia honi. Kisha hasira ikaja, si kwa mtu mwingine. Nilijua kilichotokea, ningeweza kukiandika ubaoni. Stabilaiza nzito ya nyuma, gari likiwa konani, humpunguzia mzigo tairi wa ndani na kumrundikia wa nje. Na tairi hakamati barabara kwa kadiri ile ile anavyoongezewa mzigo: wawili wakigawana hushika kuliko mmoja akibebeshwa. Kwa hiyo mshiko ule ambao pua ilizidishiwa, nilikuwa nimeukopa mkiani, na deni hilo likadaiwa siku ya mvua, Mama akiwa ndani. Tulikwenda Kilifi kwa mwendo wa maiti. Daktari alimwambia Mama macho yake ni mazima. Mama akajibu kuwa ameona mengi asubuhi ile.

Mzee wa Maweni hakunicheka, nami nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Kwanza alihamisha linki tundu la nje. Gari likapoa kidogo, lakini mlio haukupoa. Wiki mbili nikavumilia, nikipita Barani kwa njia ya nyuma. Wiki ya tatu nikarudi.

Aliingia kontenani akatoka na stabilaiza yangu ya zamani. Alikuwa ameisugua kutu yote, ameipaka rangi nyeusi, ameitia bushi mpya za mpira tangu siku ile ile aliyoitoa, akaitundika msumarini akingoja. Linki mbili mpya zilikuwa zimefungwa juu yake kwa mpira wa tairi.

"Elfu mbili," akasema. "Bei haikupanda."

Saa moja na nusu, kwa kuwa bolti sasa zilikuwa mpya na zimepakwa grisi. Nati za linki hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza likasimama kwa uzito wake, ndipo akazikaza toka shimoni. Ngo ngo ikaisha. Na kuinama? Kulikuwapo, lakini nusu ya kule kulala kulikuwa ni kwa bushi zilizolegea, fimbo ikicheza bure kabla ya kuanza kazi. Miaka baadaye nilisoma kwamba magari ya mbio za vumbi hufungwa stabilaiza laini, kila gurudumu lipate kuifuata ardhi lenyewe, na nikawaza kuwa huenda hata Subaru ya McRae ilikuwa na pau laini kuliko niliyoitaka mimi.

Harufu ya mbaazi ilikaa garini hadi Ramadhani ikaisha.

Chuma chekundu sikukirudisha Sharjah. Kijana wa mzee alikikata kwa grinda, akachonga ncha moja ikawa kali, tukakisimika kwenye gogo uani kwa Mama kiwe kifuo. Ndugu yangu alipokuja likizo mwaka uliofuata aliuliza mzigo wake uko wapi. Mama alikuwa anafua nazi. Akaitia nazi kwenye ncha, akaikandamiza mara moja, kumbi likafunguka.

"Huu hapa," akamwambia. "Hauyumbi hata chembe."