Kisu, karatasi za sigara na matete: siku yangu ya onyesho

Saa 11 alfajiri, kabla hata ya chai, natumbukiza matete kwenye kikombe cha maji. Mimi napiga obo, ala ya mbao ya kupuliza, katika kundi letu la watu watano: filimbi, obo, klarineti, pembe na basuni. Jirani yangu hapa Nairobi anaamini wanamuziki huamka saa 4. Anasema hivyo kwa sababu hajaniona jikoni gizani, kisu mkononi, nikikwangua kitu kifupi kuliko kidole.

Kitu hicho ni ridi. Ndimi mbili nyembamba za tete, zimefungwa kwa uzi juu ya kibomba cha shaba, katikati pana mwanya mdogo. Ukipuliza zinatetema, na hapo ndipo sauti inapoanza. Mjomba wangu Mombasa, ambaye amepiga zumari kwenye harusi nyingi kuliko umri wangu, alipoiona obo mara ya kwanza aliigeuza geuza akasema, "Kumbe ni zumari iliyokwenda shule." Hakukosea sana. Tofauti ni kwamba tete langu linatoka kusini mwa Ufaransa, linakuja kwa bei ya kuumiza, na ukipitisha kisu mara moja zaidi kwenye ncha, umeliua. Leo nimeua mawili kabla jua halijatoka. Na zile ridi nilizotengeneza Mombasa wakati wa likizo zimegoma kabisa. Kule ni pwani, hewa nzito yenye unyevu. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi na kavu, na ridi inajua.

Nimebaki na tatu: moja nzuri, moja ya kuvumilia, moja ya dua.

Saa 2 hadi saa 6 nafundisha watoto rekoda, ile filimbi ndogo ya shuleni. Saa 7 niko kwenye matatu, begi mapajani.

Saa 8 kasoro nafika getini kwenye ukumbi.

"Fungua begi, madam."

Nikafungua. Askari akatoa kisu, akakiweka mezani. Akatoa paketi ya karatasi za kusokotea sigara. Akaniangalia. Akatoa kimfuko cha plastiki chenye vipande vikavu vya rangi ya manjano, akakitikisa karibu na sikio. Halafu vibomba vyangu sita vya shaba, kimoja kimoja, akavipanga mstari kama risasi.

"Madam," akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha pata kesi yake, "hii ni nini?"

"Ni vifaa vya muziki, afande."

"Muziki wa aina gani?"

Hapo ndipo nilipokosea, maana nilijibu kwa kirefu. Nikamwambia kwamba pumzi ina unyevu, kwamba maji hukusanyika ndani ya obo na kuingia kwenye vitundu chini ya vifuniko, noti ikaanza kugugumia kama mtu anayesukutua. Ndipo unapochomeka karatasi ya sigara chini ya kifuniko, unabonyeza, unavuta, maji yamekauka. Hakuna karatasi nyepesi kama hiyo. Alisikiliza yote. Kisha akamwita mwenzake.

Mwenzake akanusa tete. "Haina harufu," akasema, kwa masikitiko kidogo.

"Basi piga tusikie."

Nikatia ridi mdomoni, peke yake bila obo, kama tunavyoijaribu. Inatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Nyuma yangu palikuwa na mpishi na masufuria ya pilau, na gari mbili zikipiga honi. Yule wa kwanza akatikisa kichwa: huo si muziki. Nikaunganisha obo hapo hapo kwenye meza ya ukaguzi nikapiga mistari minne ya wimbo wa taifa. Wote wawili wakasimama wima, wakanirudishia kila kitu isipokuwa kisu, nikakisainia.

Dakika 25. Mpiga basuni wetu alipita katikati ya hayo yote na sanduku jeusi refu ambalo lingeweza kubeba bunduki mbili. Hakuulizwa neno. Alikuja na gari.

Mazoezi jukwaani yalikuwa mafupi, na tulikuwa bado tunabishana juu ya kasi alipokuja mama mwandalizi.

"Wanangu, mgeni wa heshima amechelewa, muda umebana. Ile ya mwisho iacheni. Hata hivyo inaumiza masikio."

Tulitazamana, filimbi akaanza kucheka. Ya mwisho ni kipande cha 6 kati ya vipande vidogo sita ambavyo mtunzi György Ligeti aliviandikia kundi kama letu mwaka 1953, huko Hungaria. Vilipopigwa kwa mara ya kwanza Budapest mwaka 1956 vilipigwa vitano tu. Cha 6 kiliachwa kwa sababu kimejaa noti jirani zinazokwaruzana, na kwa wakubwa wa kikomunisti wa enzi zile mkwaruzo kama huo ulikuwa hatari. Na sasa, zaidi ya miaka 60 baadaye, cha 6 kinafukuzwa tena, safari hii kwa ajili ya msafara wa magari.

Mpiga pembe ndiye mkubwa wetu kwa umri. Akavua miwani. "Mama, tutaondoa mapumziko. Watu wasipoinuka kwenda kununua soda tunaokoa dakika 15. Hicho kipande hakifiki dakika 2." Mama akahesabu kwa vidole. Akakubali, kwa sharti tusitoe hotuba.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nyuma ya jukwaa hapakuwa na viti vya kutosha. Nilikaa juu ya sanduku la basuni nikiilowesha ridi nzuri, naitoa, nairudisha, mgongo ukiuma tangu alfajiri. Sijui tuliingia saa ngapi. Najua pilau ilikuwa imeshaliwa na hatukubakiziwa.

Nikatoa noti ya kupatanishia, wenzangu wanne wakaifuata, tukaanza na kazi mpya ya mtunzi kijana wa hapa hapa. Anataka sauti mbili zitoke ndani ya bomba moja, na mahali pengine tusipulize kabisa, tubofye vifuniko tu, ta-ta-tak, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Mtoto mmoja safu ya mbele alicheka kwa sauti. Mtunzi aliniambia baadaye kwamba ndicho alichokitaka.

Kisha Ligeti. Watu hudhani obo inakumaliza pumzi. Kinyume chake: mwanya ni mdogo mno, pumzi haiishi, inakuozea kifuani, na lazima uitoe yote kabla ya kuvuta nyingine. Kufikia cha 5, kile cha taratibu alichomkumbukia Bartók, mtunzi mwenzake wa Hungaria, macho yalikuwa yanaona nyota. Na nikasikia ule mgugumio. Maji, kwenye kitundu cha juu kushoto.

Cha 5 kikaisha. Ukumbi kimya. Wenzangu wanne wamekwisha inua vyombo, na mimi nachomoa karatasi ya sigara, naichomeka, nabonyeza, navuta. Ikatoka na doa la maji ukubwa wa punje ya mtama. Mpiga klarineti akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Ligeti ameandika mahali fulani katika cha 6 kwamba kipigwe kama wendawazimu. Kwa uchovu ule hatukuhitaji kuambiwa.

Makofi yalichelewa kidogo, kisha yakaja mengi. Bwana mmoja akatufuata kuuliza kama tunapiga pia harusini. Tunapiga. Kodi ya nyumba haijui Ligeti.

Getini zamu ilikuwa imebadilika. Nikamwonyesha askari mpya sahihi yangu, akanipa kisu bila maneno. Nilikuwa nimeshapita alipoona sanduku la obo.

"Madam, hiyo uliiandikisha wakati wa kuingia?"