Bahasha ya Mavuno

Januari 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zimeifanya Kisauni, kwetu Mombasa, dimbwi moja refu, malaria ilinipanda kichwani. Nakumbuka mabati ya paa yakinishukia, na sauti ya mwanamke mlangoni ikisema, "Huyu si wa kungojea asubuhi." Mengine nilisimuliwa tu: teksi usiku wa manane, daraja la Nyali, dripu, nyanya yangu amekaa sakafuni hospitalini akiimba tenzi kwa sauti ya chini hadi muuguzi akamletea kiti.

Sauti ile ilikuwa ya jirani yetu. Jina lake nalihifadhi. Mtaani tulimwita Bi Mahamri, kwa kuwa alfajiri harufu ya iliki yake ndiyo iliyotuamsha, Wakristo kwa Waislamu. Yeye ndiye aliyefungua kibindo cha leso usiku ule akatoa shilingi 2,500. Hakuuliza nitazirudisha lini. Nilipopata nguvu za kusimama nilimwendea, nikamwambia, "Bi, nikirudi kazini tu nakuletea." Akanijibu, "Wewe pona kwanza, mwanangu."

Nikapona. Machi nilikuwa nimesharudi Shimanzi, kibarua wa godauni, nabeba magunia ya kahawa kama mtu ambaye hajawahi kuumwa na kichwa. Aprili nikanunua redio. Juni nyanya akaniuliza kama nimemmalizia Bi Mahamri pesa zake, nikamjibu, "Zamani, nyanya." Uongo wenyewe ulitoka mwepesi, sikuhisi hata uzito wake. Na wala sikuwa nimesahau. Ningekuwa nimesahau, ningekuwa na udhuru. Kila nikipita mlangoni pake nililikumbuka deni, nikaongeza mwendo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ikaja Jumapili ya mavuno, Septemba. Wiki mbili kabla, wazee wa kanisa waligawa bahasha za kaki zenye mstari wa jina na mstari wa kiasi, na kila mtu alijua vyote viwili vitasomwa kwenye kipaza sauti. Utaratibu huo sijui aliubuni nani. Kwa kukusanya pesa ni mzuri sana. Kwa roho ya kijana wa miaka 23, sina hakika. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, na mbele ya kiasi nikaandika 2,000. Kibarua wa godauni, elfu mbili! Nilikuwa nimeshawasikia masikioni mwangu akina mama wakipiga vigelegele.

Nisijionee sana, lakini: shukrani ilikuwepo. Mwaka ule watu walikuwa na mengi ya kushukuru. Bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti lilikuwa bado bichi, na kanisani mwetu walikuwepo waliopigiwa simu na ndugu zao wakalia kwa furaha, na waliopigiwa wakalia kwa huzuni. Nami nilikuwa nimetolewa kaburini. Nilitaka kumrudishia Mungu. Nilitaka pia watu wanione namrudishia.

Asubuhi hiyo nilivaa shati la mtumba nililochagua Kongowea kwa nusu saa nzima. Bi Mahamri alikuwa mlangoni pake, karai juu ya jiko, mwiko mkononi.

"Waenda kanisani? Wapendeza!"

"Leo ni mavuno, Bi. Naenda kutoa shukrani."

"Alhamdulillahi. Katuombee na sisi."

Nikasimama kidogo, kwa adabu tu. Karai halikuwa lile kubwa nililolizoea. Lilikuwa dogo, la mahamri matano matano. Nyuma yake, mahali ulipokuwa ukisimama mfuko wa unga wa kilo 50, palikuwa na pakiti mbili.

"Mbona leo umepika kidogo, Bi?"

"Siku hizi nanunua unga kwa kilo," akasema, akageuza hamri. "Tutajaza tena, inshallah."

Akacheka. Nami nikacheka, nikaenda zangu.

Njia ilinipitisha Kengeleni, penye ile kengele iliyokuwa ikipigwa zamani kuwaonya watu wa Frere Town kwamba wateka watumwa wanakuja. Kijiji chenyewe kilianzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na nyanya ni uzao wao. Alikuwa hapiti hapo bila kusema neno. "Wazee wangu walishushwa huku hawana nguo wala jina la kwao," alikuwa akituambia utotoni. "Kushukuru hatukungoja kufundishwa na padri." Siku hiyo alikuwa ametangulia kanisani na mkungu wa ndizi, kwa hiyo nilipita bila kuambiwa kitu.

Somo la Injili lilikuwa wale wakoma kumi. Nilikaa wima. Hili ni langu, nikajiambia. Mimi ndiye yule mmoja aliyerudi. Padri akasoma, "Wale tisa wa wapi?" akanyamaza kidogo, kama walivyo mapadri wakijua wameupata mstari. Na katika kimya kile, badala ya kuwaona wakoma, nikaliona karai dogo.

Nikapiga hesabu. Ile 2,500 haikuwa akiba. Mwanamke anayeishi kwa mahamri akiba ataitoa wapi? Ulikuwa mtaji. Alinipa mfuko wake wa unga, na kwa miezi minane amekuwa akikimbizana na pakiti za kilo ili mimi nisikilize redio. Na ule mtaji, elfu mbili zake, ulikuwa mfukoni mwangu, umeandikwa jina langu kwa herufi kubwa, tayari kwenda kushangiliwa.

Nilitoka katikati ya mahubiri. Mzee aliyekuwa mlangoni aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Bi Mahamri alishangaa kuniona. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Herufi hizi zetu hakuzisoma, yeye alisomea chuoni kwa Kiarabu, basi akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Hapa pameandikwaje?"

"Jina langu, Bi."

"Na hapa?"

"Elfu mbili."

Akazihesabu, polepole, noti kwa noti, unga wa vidole vyake ukibaki kwenye karatasi. Nilitegemea atasema "usijali", au "ungeniletea siku yoyote". Hakusema. Alisema, "Bado mia tano."

"Ijumaa, Bi."

"Haya." Akaitundika bahasha tupu kwenye msumari, kando ya kalenda. "Utakuja kuzitia humu humu."

Ijumaa nilizitia. Lakini Jumapili ile, kabla sijageuka, alifunga mahamri manne kwenye gazeti akanikabidhi. "Usiende nyumba ya Mungu mikono mitupu."

Nilifika msururu wa shukrani ukiwa umekwisha kusomwa. Jina langu halikutajwa. Nje, chini ya mwembe, mnada ulikuwa umeshaanza. Kuku, nazi, mihogo, mabiringanya, na ule mkungu wa ndizi aliouleta nyanya, uliokuwa umefika bei ya kukatisha tamaa. Niliyaweka mahamri mezani. Mafuta yalikuwa yamepenya gazeti yakanichora duara kwenye shati jipya, hapo penye mfuko uliokuwa na bahasha.

"Mahamri ya kwa Bi Mahamri!" akapaza sauti mzee wa mnada, aliyemjua vizuri kama sote. "Moto moto! Nani ananipa hamsini?"

Nyanya ndiye aliyeyachukua, kwa shilingi 150, akafungua fundo la leso yake mwenyewe kulipa. Kisha akanivuta kando, akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akamega hamri moja. Akatafuna taratibu. Aliwahi kula mahamri ya mwanamke yule kila siku kwa miaka ishirini, kabla ya daktari kumkataza mafuta mwaka uliotangulia.

Aliacha kutafuna.

"Haya hayana iliki," akasema, macho kwangu. "Tangu lini?"

"Tangu Januari, nyanya."